Mkono Mtupu Haulambwi? Zawadi ya Wazee na Matabishi ya Siku Hizi

Sisi ni watu wa Majengo, komini ya Karisimbi, mji wa Goma. Katika kitabu hiki wengine wameandika juu ya ndoa, majina na ngoma. Sisi tunaandika juu ya jambo ambalo si mila, lakini kila siku linajificha nyuma ya mila. Jambo hilo ni matabishi. Na tunaanza na aibu yetu wenyewe, kwani anayetaka kufagia kiwanja cha jirani aanze na chake.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi chetu kilitafuta karatasi ya kutambuliwa na Leta. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyotafuta faida inaonyesha njia ya kufuata. Tulitayarisha kila kitu: statuti, majina ya viongozi, barua ya kuomba. Tukapeleka dosiye katika biro moja ambayo jina lake tunaliacha. Walituambia turudi kesho. Kesho, mkubwa alikuwa kwenye mkutano. Wiki iliyofuata wino wa muhuri ulikuwa umekwisha. Mwezi uliofuata dosiye haikuonekana, kisha ikaonekana chini ya dosiye zingine, lakini ikakosa kopi moja. Tulizunguka hivyo zaidi ya mwaka. Siku moja karani mmoja, kijana mwenye adabu, alimvuta katibu wetu pembeni na kumwambia kwa sauti ndogo: "Mzee, ninyi munaongeaka Kifaransa mingi. Muongee vizuri." Katibu akaelewa. Akarudi na bahasha yenye dola hamsini. Siku ya tatu karatasi ikatoka, imepigwa muhuri, na wino ulikuwa mwingi.

Tulifurahi sana. Tulichinja mbuzi, tukaita wanamemba wote. Karatasi ikapitishwa mkono kwa mkono. Ilipofika kwa mama mzee mmoja asiyejua kusoma, aliigeuza mbele na nyuma, akauliza: "Bana bangu, hii karatasi balitupatia ao tuliinunua?"

Hakuna aliyejibu. Halafu kijana mmoja akasema kwa kucheka: "Mama, ile ni mila. Ni ninyi bazee mulisemaka: mukono mutupu haurambwi. Kwa mwami mulikuwa munaenda mikono mitupu?" Watu wakacheka. Mama hakucheka. Na sisi, tulipofika nyumbani usiku ule, hatukucheka tena. Kikundi cha kulinda mila kimezaliwa kwa matabishi, na mtoto wetu anasema matabishi ni mila! Kama anasema kweli, basi hatuna la kumfundisha. Kama anakosea, ni lazima tumwonyeshe kosa liko wapi. Ndiyo sababu ya maandiko haya.

Leta inayosema "leta"

Katika Kiswahili chetu cha Kongo tunaita serikali "Leta", neno lililotoka katika Kifaransa cha Wabelgiji. Lakini sikio la Kiswahili linasikia lingine: leta! Yaani toa, peleka hapa. Tunacheza na neno hilo, lakini mchezo huo una uchungu ndani.

Tazama mfano wa mtoto anayezaliwa. Sheria inasema aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa kwake, tena bure. Mama wa Majengo ametoka kuzaa, yuko na deni la hospitali, anauza mboga ili watoto wale. Akiacha biashara yake siku moja kwenda biro, siku ile nyumbani hawapiki. Akifika anaweza kukuta mwenye kuandika hayupo. Akirudi, anaweza kuambiwa kitabu kimejaa, aache kitu kidogo ya kununua kalamu. Hana. Anaenda zake. Siku tisini zikipita, sasa inahitajika hukumu ya tribunali, na njia ya tribunali ni ndefu na ina gharama zake. Hivi mtoto hajajua hata kutembea, na tayari yuko na deni kwa Leta. Kesho atakuwa kijana asiye na karatasi, na kila kizuizi cha barabara kitamtambua.

Tazama lingine. Hesabu ya mwisho ya watu wote wa inchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Tangu 2005, kwa miaka mingi, kadi ya kuchagua ndiyo iliyosimama mahali pa kitambulisho. Maana yake ni nini? Ni kwamba Leta ilitukumbuka kwa jina siku ilipohitaji kura zetu. Kwa mambo mengine hatuhesabiwi. Lakini kwa jeto ya soko tunahesabiwa kila asubuhi: mwenye samaki, mwenye ndizi, mwenye chukudu, mwenye moto. Hapo hakuna anayesahauliwa.

Mji wetu umebadilisha mikono mara nyingi. AFDL iliingia mwaka 1996. RCD iliufanya kuwa makao yake kuanzia 1998. M23 iliuchukua siku chache mwezi wa kumi na moja 2012. Mwaka 2021 utawala wa kijeshi uliwekwa katika Kivu ya Kaskazini, na mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 M23 iliuchukua tena, benki zikafunga. Hatuandiki hapa ili kumsifu ao kumtukana yeyote. Tunasema tu kile raia anachokiona: wakubwa wanabadilika, bendera na muhuri vinaweza kubadilika, lakini mbele ya meza mtu anasimama namna ileile, mkono ndani ya mfuko. Kwa hiyo ugonjwa hauko kwa mkubwa mmoja peke yake. Uko pia katika namna ya kusimama mbele ya meza.

Je, wazee walitoa matabishi?

Sasa turudi kwa kijana wetu. Anasema kweli kwa jambo moja: kwa mwami watu hawakwenda mikono mitupu. Walipeleka pombe ya ndizi, mbuzi, mazao ya kwanza ya shamba. Kwa Washi, ndugu zetu wa Kivu ya Kusini, aliyetaka shamba alitoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, na mwami ao chefu akampa ardhi ya kulima, yeye na warithi wake. Mtu akitazama juujuu atasema: alitoa kitu, akapata kitu, basi ni sawa na biro.

Si sawa. Tumewauliza wazee wetu, tumefikiri, na tumeona vipimo vitatu vya kutenganisha zawadi na matabishi.

Kipimo cha kwanza ni macho. Kalinzi ilitolewa mbele ya mashahidi. Ng'ombe haingii katika bahasha! Kila mtu alimwona akipita njiani, na jirani alijua fulani amepewa shamba lile, mpaka wake uko pale. Macho ya watu ndiyo yalikuwa muhuri. Matabishi yanapenda ngumi iliyofungwa, mlango uliofungwa, sauti ndogo. Kitu hichohicho kikiwekwa juu ya meza mbele ya wote, mwenye kupokea atakuwa wa kwanza kukikataa.

Kipimo cha pili ni deni. Zawadi ilimfunga aliyepokea. Mwami aliyekula mbuzi wa watu alidaiwa: kuamua matata yao, kuwapokea wageni, kufungua ghala wakati wa njaa. Aliyekula bila kurudisha alipoteza heshima, na watu walikuwa na njia zao za kumwonyesha, hata kuhama na kumwachia milima mitupu. Lakini matabishi yanafanya kinyume. Karani akiisha kupokea, hana deni kwako. Ameuza, umenunua, mmeachana. Kesho ukirudi kwa karatasi nyingine mnaanza upya kama hamjawahi kuonana.

Kipimo cha tatu ni maskini. Asiye na ng'ombe alikuwa na mikono. Mjane alipeleka kikapu kidogo, ao hakupeleka kitu, na neno lake lilisikilizwa barazani. Wanande wana kyaghanda, mahali pa watu kukaa pamoja na kusemezana. Huko mtu haulizwi kwanza amebeba nini. Katika biro ya matabishi, asiye na kitu hapati hata kiti.

Majirani zetu wa Burundi wanatufundisha jambo hili wazi zaidi. Huko walikuwako abashingantahe, watu wa haki waliochunguzwa muda mrefu na kusimikwa mbele ya watu wote ili waamue matata. Kulikuwa na desturi ya kibuyu cha pombe kwa ajili yao, waliyoiita agatutu k'abagabo. Pombe ile ilinywewa pamoja, na kunywa pamoja kulionyesha kwamba matata yamekwisha. Lakini Warundi wenyewe walikuja kulalamika kwamba kibuyu kile kiligeuka kuwa bei: huleti, husikilizwi. Pombe ni ileile, kibuyu ni kilekile. Kilichobadilika ni saa na mahali. Kilitoka mwisho kikaja mwanzo, na kilitoka katikati ya watu kikaingia nyuma ya nyumba.

Hata neno "hongo" limepita njia hiyo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani ilipofika Ugogo ililipa hongo kwa watemi: nguo, shanga, waya. Ilikuwa malipo ya njia na ya maji, na wote walijua yanalipwa kwa nani. Leo hongo ni jina la wizi. Na neno letu la matabishi halikutoka hata kwa babu zetu. Limetoka kwa Wareno, kwao ni "kuua mdudu", yaani tone la pombe la asubuhi la kunyamazisha mdudu wa tumbo. Mdudu huyo ameua wangapi, yeye mwenyewe hajafa mpaka leo!

Lakini tusidanganyane. Bami hawakuwa malaika. Wengine walikula sana, wengine waliwafanyisha watu kazi kupita nguvu zao. Tunachosema si kwamba zamani ilikuwa mbinguni. Tunasema kwamba hata mkubwa mbaya alijua anatazamwa, na kulikuwa na kipimo cha kumhukumu.

Mahali kamba ilipokatika

Kipimo kile kilipotea namna gani? Wakoloni walipofika waliwavalisha machefu medali. Chefu wa medali alikusanya kodi na kutoa watu wa kazi za barabara. Kuanzia siku ile hakuogopa tena wale waliomletea pombe. Alimwogopa yule aliyempa medali. Macho yaligeuka kutoka chini yakatazama juu. Tunafikiri hapo ndipo kamba ilikatika, na mpaka leo haijafungwa vizuri. Kwani nani kati yetu alimchagua chefu wa kartye? Anateuliwa na walio juu, basi anawatazama walio juu.

Baadaye ilikuja sheria ya ardhi ya mwaka 1973, iliyosema udongo wote ni wa Leta. Juu ya mashamba ya mila iliahidi kwamba ordonansi ya rais itaeleza haki za watu. Miaka makumi ilipita bila karatasi hiyo kutoka. Katikati ya ahadi na karatasi, wenye kujua njia za biro walipata milima mizima huko Masisi na kwingine, na wenye kulima wakajikuta wageni juu ya makaburi ya baba zao. Msomaji anajua vita vingi vya kwetu vimeota wapi. Kwa hiyo mtu asituambie matabishi ni jambo dogo la sukari na kalamu.

Halafu mshahara ukafa. Mobutu mwenyewe, katika hotuba yake ya tarehe 25 Novemba 1977, alikiri kwamba katika inchi kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa, na kwamba mwenye kipande kidogo tu cha mamlaka anakitumia kwa faida yake. Daktari alitaja ugonjwa, lakini dawa hakunywa. Mwaka 1993 pesa mpya ilipotolewa, zaire moja mpya ilikuwa sawa na milioni tatu za zamani. Mtumishi wa Leta angefanya nini na mshahara wa namna ile? Watu wakaingia katika kile tunachokiita Artikle 15: kila mtu ajitafutie. Mwalimu alipata maisha kwa sababu wazazi walikubali kumlipa prime, na mpaka 2019, shule za msingi zilipotangazwa kuwa bure, watoto wengi walifukuzwa darasani kwa kukosa prime hiyo. Ilitolewa wazi, ndiyo, lakini ilianguka katika kipimo cha tatu: mtoto wa maskini alibaki nje ya dirisha.

Mbuzi na kamba yake

Wenye biro wako na methali yao: mbuzi hula pale inapofungwa. Wanaisema kwa kucheka, kama vile imemaliza maneno.

Tuwe wa haki kwao. Tunajua watu wanaofanya kazi ya Leta miaka mingi bila matrikile wala mshahara. Wanaondoka nyumbani asubuhi na nguo iliyopigwa pasi, tumbo tupu. Baba kama huyo ana watoto kama sisi. Hatuwezi kumwita mwizi halafu tukanyamaza juu ya mkubwa aliyemweka pale bila kumlipa. Mtu aliyemtuma bila chakula alijua atakula wapi.

Lakini methali yenyewe tuitazame vizuri. Nani hufunga mbuzi? Mwenyewe. Anaifunga kwa nini? Ili isifike katika shamba la jirani. Methali inasema kamba ina mwisho. Siku hizi tuna mbuzi waliokata kamba na bado wanasema "tumefungwa". Mtu wa cheo kikubwa, mwenye gari tatu, hawezi kusema anakula kwa njaa. Katiba ya 2006, katika artikle 99, inadai rais na mawaziri watangaze mali yao wanapoingia na wanapotoka. Ile ndiyo kamba. Lakini raia wangapi wa Majengo wamewahi kuona karatasi hiyo? Macho hayapo, basi kamba haina kazi.

Na kuna ushahidi mwingine kwamba sisi si wezi wa kuzaliwa. Tazama likelemba. Wamama ishirini wanatoa kila wiki, mmoja anapokea yote, zamu kwa zamu. Hakuna polisi, hakuna muhuri, mara nyingi hakuna hata karatasi. Na makuta hayapotei. Tena karani yuleyule anayekula mchana katika biro, jioni anaweza kuwa mtunza likelemba ya kwao, na franki moja haipotei. Ni mtu mmoja, moyo mmoja. Tofauti ni kwamba jioni pesa inahesabiwa mbele ya macho ya wale wanaomjua, na kesho atakutana nao kisimani.

Na sisi wenye kuchagua

Sasa kidole kirudi kwetu. Kila uchaguzi, 2006, 2011, 2018, 2023, tumeona vitenge, chumvi, kofia na pombe. Tunakula, tunasema "tumekula ya kwao, kura ni yetu." Je, ni kweli? Aliyenunua anajua amenunua. Akifika Kinshasa anatafuta kwanza kurudisha mtaji wake, kama mfanyabiashara yeyote. Halafu tunashangaa kwamba hatuoni barabara wala maji.

Na mtoto wetu akipata kazi, tunamwuliza nini? Hatumwulizi: umewatumikia watu namna gani? Tunamwuliza: "Umeisha jenga?" Akikaa miaka mitano katika kazi nzuri bila nyumba ya etaji, tunasema ni mjinga ao amerogwa. Akijenga kwa haraka, tunamketisha mbele kwenye arusi na kanisani, na hakuna anayeuliza matofali yametoka wapi. Wa kabila lingine akila tunasema ameiba. Wa kwetu akila tunasema zamu yetu imefika. Siasa ya kujipenda haikushuka kutoka mbinguni ya Kinshasa. Mbegu yake tunaimwagia maji hapa, kwa maneno yetu ya kila siku.

Tukisema kwamba mila ni kumsaidia ndugu, tuseme pia kwamba mila ilikataa ndugu alishwe kwa mali ya baraza. Aliyeshika mali ya wote na kuigawa nyumbani kwake hakuitwa mkarimu.

Je, sisi wote ni lazima tufe?

Mtu atasema: maneno ni mazuri, lakini anayekataa anateseka. Ni kweli, na Goma tunajua hivyo kuliko wengine. Floribert Bwana Chui bin Kositi alizaliwa Goma mwaka 1981. Alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani, katika Office Congolais de Contrôle. Walimpelekea makuta ili aache chakula kilichoharibika kipite kiingie sokoni. Alikataa. Mwezi wa saba 2007 walimteka, na akauawa, akiwa na miaka 26. Wakati wa maisha yake, pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa rafiki wa maibobo, watoto wa barabarani wa mji wetu. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri. Kati yetu kuna Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu, lakini jina lake ni la mji mzima, kwani chakula kile kingeingia katika matumbo ya wote bila kuuliza dini.

Hatuna haki ya kumwambia mama wa mboga: ufe kama Floribert. Hapa tunaona ni lazima kutenganisha mambo mawili. Mama anayelipa kitu ya kalamu ili mtoto wake aandikwe, jambo ambalo ni haki yake na ni bure, yeye ameibiwa. Hajanunua kitu cha mtu. Tusimwongezee aibu juu ya hasara. Lakini anayelipa ili apite mbele ya wengine, apate shamba la mwingine, ao apitishe kitu kitakachodhuru wengine, huyo ni mshirika wa wizi. Sheria ya mwezi wa tatu 2005 juu ya rushwa inamwadhibu anayetoa na anayepokea. Watanzania wa zamani wa TANU waliweka hivyo katika ahadi ya mwanachama: hatapokea na hatatoa. Mikono miwili ilifungwa kwa kamba moja.

Na sisi wa kikundi, tulikuwa upande gani? Tumebishana sana. Wengine walisema: karatasi ilikuwa haki yetu, basi tuliibiwa. Wengine walisema: hatukuwa na njaa, hakuna mtoto aliyekuwa mgonjwa, tulichoka tu kungoja. Na dosiye za vikundi vingine, ambavyo havikuwa na dola hamsini, zilibaki chini ya yetu. Mwishoni tuliona kwamba tuliibiwa na tuliiba siku moja.

Tulichofanya

Karatasi hatukuirudisha. Tusingejua kuirudisha kwa nani. Lakini mhasibu wetu alikuwa ameandika katika kitabu cha hesabu: "Transport, dola 50." Katika mkutano tulimwomba afute neno "transport" na aandike "matabishi", kisha asome kwa sauti mbele ya wote. Alisoma. Ilikuwa vigumu kusikia. Kijana aliyecheka siku ya sikukuu ndiye aliyeomba kwamba kuanzia sasa kila kitu kama hicho kiandikwe kwa jina lake la kweli.

Tukakubaliana tena mambo machache ya kufuata. Tukienda biro, tusiende mtu mmoja. Twende watatu, kwani bahasha inaogopa macho sita. Tuulize bei kwa sauti ya kawaida na tuombe risiti. Mama akienda kuandikisha mtoto, jirani amlindie biashara na mwingine amsindikize kabla siku tisini hazijaisha. Katiba, katika artikle 27, inaturuhusu kupeleka malalamiko kwa wakubwa, mmoja mmoja ao pamoja, tuandike pamoja. Na mtoto wetu akipata kazi, tumwulize swali jipya.

Tangu siku ile tumeenda biro mara mbili kwa namna hiyo. Mara ya kwanza tulipata karatasi kwa bei ya kweli. Mara ya pili tulingoja, na tunapoandika maneno haya tunangoja bado. Hatukuficha hili, kwa sababu hatutaki msomaji afikiri kwamba njia ni nyepesi.

Mkono mtupu haulambwi, ndiyo. Lakini wazee hawakusema mkono uliofungwa ufunguliwe nyuma ya mlango. Kwao mtu alitoa wazi, aliyepokea alidaiwa, na asiye na kitu alipata kiti. Mama yule mzee hajui kusoma, lakini aliuliza swali ambalo sisi wenye kusoma tuliliogopa. Tunaliacha kwako pia, ndugu msomaji, siku utakaposhika karatasi yenye muhuri mzuri: ulipewa ao uliinunua? Na kama uliinunua, uliandika nini katika kitabu chako?

Hivyo ndivyo tunavyoona sisi wa Majengo. Mwenye kuona vingine aje, baraza iko wazi.